Nani Alikuwa Nyuma ya Nani

11 Februari

Kaka,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana nimeambiwa kusimama kwako ni shughuli. Mimi ni mzima, ukiacha mikono iliyopauka kwa mvuke. Bado niko chumba cha pasi hapa hotelini, mashuka mia mbili kwa zamu, na foronya nimeacha kuzihesabu. Mashine ya kukunjia imekufa tena, kwa hiyo tunakunja kwa mkono, wawili wawili, kila mmoja ameshika ncha zake.

Sasa nieleze. Kwa nini habari ya kugongwa kwako niipate kwa jirani yako muuza mkaa, tena wiki tatu baadaye? Alinipigia kuniuliza kama nitakubali auziwe lile kabati lako la vyombo. Alidhani hutapona na alitaka kuwahi. Ndipo nikajua kwamba uligongwa na lori la mbao asubuhi ukienda kazini, kwamba mlikuwa wawili, kila mtu na baiskeli yake, na kwamba nyonga yako imevunjika, simu imesagwa na sikio la kulia halisikii. Nilikaa juu ya kikapu cha mashuka machafu hadi nikafukuzwa.

Nisikilize. Una haki ya kulipwa fidia. Lori lina bima, na bima ipo kwa ajili ya mambo kama haya. Mpangaji mwenzangu ni karani kwa wakili, na nimemsumbua jana hadi akaacha chakula chake kikapoa. Anasema hivi: usitie saini karatasi yoyote utakayoletewa na mtu mwenye tabasamu. Tunza kila cheti cha hospitali. Tafuta wakili mapema, maana madai yana muda wake. Na baiskeli yako usiiguse. Najua mikono yako ilivyo. Iache hivyohivyo ilivyopondeka, hiyo ndiyo shahidi wako.

Na huyo wa pili ni nani? Amepona?

Ningekuja kukuuguza, lakini likizo mwaka huu hawajatupa. Nikipata tu, nakuja.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika na kabati la vyombo bado lipo. Muuza mkaa amekuja kuniangalia mara mbili, akaniangalia mimi kidogo na kabati sana.

Hali yangu ni ya kuridhisha. Nyonga imetiwa chuma, natembea kwa magongo. Kuhusu sikio, ukisimama kulia kwangu ukanitukana, utarudi kwenu salama. Simu mpya sinunui, nitasikiliza nini. Nyumba imetulia. Tangu wifi yako alipofariki nilikizoea kimya, lakini kile kilikuwa chumbani, ningeweza kutoka nje nikakiacha. Hiki kimeingia kichwani, naenda nacho kila mahali.

Karakana nimefungua Jumatatu. Nafanya kazi nimekaa juu ya debe. Kunyoosha rimu naweza, kukaza spoku naweza, kuinua baiskeli siwezi, kwa hiyo mwenye nayo anaiinua mwenyewe huku ananionea huruma. Huruma hiyo inanichosha kuliko nyonga.

Wakili nimempata. Ofisi yake iko juu ya duka la miwani, ngazi ishirini na sita, hakuna pa kushika. Ni mtu wa haraka, anaandika huku unaongea. Anasema kesi za waendesha baiskeli kampuni za bima hupenda kuzimaliza upesi kwa kidogo, kwa kuwa wanajua majeruhi ana shida. Ameniuliza maswali mengi nikajibu yote, isipokuwa moja. Hilo nimesema nitalifikiria.

Baiskeli yangu sijaigusa. Iko pembeni ya karakana imejikunja, inaniudhi kila nikiinua macho.

Huyo wa pili ni mama mmoja anayeshona magodoro kwenye kiwanda cha karibu na reli. Amelazwa.

Kaka yako

15 Machi

Kaka,

Shikamoo tena. Hapa kuna joto, mashine ya kukunjia imepona, na Jumanne nimetimiza miaka hamsini. Sikumwambia mtu. Nilinunua sabuni nzuri, nikaoga nayo, nikalala.

Umeniandikia habari za ngazi za wakili hadi idadi yake, kisha mwanamke aliyegongwa pamoja nawe umempa mistari miwili. Mimi si mtu wa bima, kaka. Umejuaje kwamba anashona magodoro? Mtu akiwa barabarani juu ya baiskeli unaona mgongo na kitambaa cha kichwani. Kazi yake huioni.

Na swali gani hilo ulilokwenda kulifikiria? Wewe tangu utoto ukiambiwa chagua soda unajibu kabla chupa hazijafunguliwa. Kufikiria umeanza lini?

Nijibu, na usinipige chenga.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera ya miaka hamsini. Ungeniambia mapema ningekuletea hata kengele ya baiskeli.

Nyonga inaendelea. Daktari ameandika kwenye fomu kwamba sitaendesha tena umbali wa kutosha kwenda kazini, na wakili amefurahi sana kwa maneno hayo. Ni jambo geni kumwona mtu anafurahia ubovu wako, lakini ndiyo kazi yake.

Swali ni hili: nani alikuwa mbele na nani alikuwa nyuma. Dereva wa lori amesema tulikuwa sambamba tunazungumza, tumeziba njia, hakuwa na pa kupita. Wakili anasema ikithibitika hivyo, sehemu ya kosa itakuwa yetu, na fidia itakatwa, yangu na ya yule mama. Lakini kama mmoja alikuwa mbele na mwingine nyuma, kosa lote ni la dereva. Anasema pia kwamba watu wasiofahamiana hawaendi sambamba wakizungumza, kwa hiyo tukiwa hatufahamiani, maneno ya dereva hayana miguu.

Yule mama ametoa maelezo yake hospitalini, wanawe wakiwapo. Wakili alinisomea kwa sauti ya juu, upande wa sikio zima. Yanasema: "Nilikuwa mbele. Nyuma yangu alikuwapo mwanamume mwenye baiskeli ambaye simfahamu." Nikamwomba asome tena. Akadhani sikusikia, akasoma polepole. Nikamwomba mara ya tatu, akanipa karatasi niisome mwenyewe.

Wamemkata mguu wa kushoto, chini ya goti. Hilo nalo limeandikwa humo.

Wakili anataka na mimi nitoe maelezo yanayolingana na hayo. Nimemwambia mkono unauma siwezi kuandika. Akaniambia yeye ndiye anayeandika.

Kuhusu magodoro, njia ni moja, mtu huona mengi.

Kaka yako

21 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sina habari zaidi ya mashuka, kwa hiyo tuingie kwenye jambo.

Nimemsomea karani barua yako, sehemu ya sheria tu. Anasema wakili wako yuko sawa. Yule mama amesema alikuwa mbele, wewe sema ulikuwa nyuma, mambo yamekwisha. Yeye atapata mguu wa bandia, wewe utapata matibabu na cha kukutunza. Ni saini moja. Mbona unasita?

Kisha nilizima taa, nikakumbuka kwamba uliomba usomewe mara tatu.

Kaka, mlikuwa mnafahamiana? Nijibu swali hilo moja, mengine yote yaache.

Mdogo wako

30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Huu ni mwezi wa pili unaingia. Nikitoka zamu napitia sanduku la barua kabla sijavua viatu, na mlinzi wa mlango ameanza kunitikisia kichwa kwa mbali ili nisijisumbue.

Nimempigia muuza mkaa. Anasema uko, unafungua karakana, unafunga, humsemeshi mtu. Anasema umekuwa unafanya kazi umeufunga mlango nusu. Alipochungulia ulimwambia aende akapime mkaa wake.

Kama swali langu limekuudhi, nisamehe. Lakini usininyamazie. Mimi huku sina mwingine wa kuniandikia.

Mdogo wako

17 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Hujaniudhi. Niliandika barua nne nikazichana. Hii nitaitia kwenye bahasha nikiwa sijaisoma tena, ndiyo njia pekee itakayoifikisha.

Ndiyo, tulikuwa tunafahamiana.

Ni miaka miwili. Cheni yake ilitoka pale kituo cha mafuta, nikashuka nikairudisha, nikamwambia imelegea, anipitishie karakana. Hakupita. Kesho yake nilimkuta palepale, akasema cheni imetoka tena, na nilipoinama kuitazama ilikuwa mahali pake, haijatoka popote. Tangu siku hiyo tukawa tunakwenda pamoja, kutoka kituo cha mafuta hadi njia panda ya reli, dakika ishirini. Hapo yeye anakata kushoto kwenda kwenye magodoro yake, mimi naendelea. Jioni kila mtu anatoka saa yake, hatuonani. Sijawahi kuingia kwake, wala yeye kwangu. Hata chai hatujawahi kunywa.

Alikuwa na mdomo yule mama. Alinihadithia msimamizi wao anayejaribu kila godoro kwa kulilalia na anasinzia. Alinigombeza kwa sababu ya kola ya shati langu, akasema mjane mwanamume hujulikana kwa kola. Nilikuwa nikitoka usiku wa peke yangu nakutana na dakika zile ishirini, kisha nafungua karakana, na kuanzia hapo hadi usiku nataja bei na saizi za tairi. Ndiyo maneno yangu yote ya siku. Sasa umejua kwa nini niliomba nisomewe tena.

Siku ile nilikuwa ubavuni mwake, upande wa barabarani. Huwa nakaa upande huo kwa kuwa yeye hayumbi lakini anaogopa malori. Nilikuwa namwigizia yule msimamizi anavyokoroma. Alikuwa anacheka, hata usukani umemlegea. Kioo cha lori kilinipiga sikioni, nami nikamwangukia. Tukateleza hadi barabarani, na mguu wake ukaenda chini ya tairi la nyuma la lori kwa uzito wangu mimi. Lori lilinigusa mimi, mdogo wangu, yeye aliangushwa na mimi. Hilo sijamwambia wakili wala mtu mwingine.

Nilikwenda hospitali mara moja. Mlangoni alikuwapo mwanawe mkubwa, mtu wa adabu, akaniuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Nikamwona mama kitandani kwa nyuma yake, amelala kageukia ukutani. Nikasema nimepotea wodi. Akanielekeza wodi ya wanaume kwa upole mkubwa.

Sasa sikia ujinga nilioufanya. Baiskeli zote mbili polisi walizileta kwangu, kwa kuwa hawakuwa na pa kuziweka na mimi ndiye mwenye karakana. Uliniambia nisiiguse baiskeli yangu, na sijaigusa. Ya kwake hukuitaja. Nilianza kwa kuondoa spoku moja iliyotokeza, kwa sababu ingemchoma mtu. Ukitoa moja unaona ya pili. Nikanyoosha rimu, nikabadilisha usukani, nikapiga rangi. Nilipopata habari ya mguu niliacha siku tatu, kisha nikatengeneza pedali ya kushoto upya: kikombe cha bati cha kuingiza unyayo wa bandia, na mkanda wa ngozi unaofunguka haraka mtu akitaka kuanguka vizuri. Breki zote nikazileta mkono wa kulia, ili wa kushoto ubaki wa kufungua mkanda. Kazi hiyo ilinichukua wiki tano, mlango nusu umefungwa. Nilikuwa na furaha, nisikufiche.

Juzi amekuja mtu wa bima na kamera kupiga picha za ushahidi. Akapiga ya kwangu, akauliza, "Na ile nyingine?"

Nikasema, "Ipi?"

Akaizunguka. Akainama, akakifungua kile kifungo cha mkanda, akakifunga. "Fundi," akasema, "hii imegongwa na lori mwezi wa kwanza?"

"Imetengenezwa."

"Kwa gharama ya nani?"

"Ni ya kuuza," nikamwambia.

Akacheka, akapiga picha sita, zote za pedali. Alipokuwa anaondoka akanishukuru.

Wakili amenifokea hadi watu wa dukani chini wakatoka nje. Anasema fundi baiskeli ndiye mtu pekee duniani anayeweza kutengeneza ushahidi mpaka ukapona. Anasema shauri litakwenda mbele ya hakimu sasa, na nitaulizwa kwa kiapo kama namfahamu. Nikisema ndiyo, yule mama ataonekana mwongo, na fidia yake itakatwa. Mguu wa bandia si kitu cha kununua mara moja, unachakaa, unabadilishwa. Nikisema hapana, basi hapana.

Nimeshamvunja mguu. Niambie nifanye nini.

Kaka yako

28 Juni

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma chooni kazini, nikalia, nikanawa, nikarudi kupiga pasi.

Kwanza, kuangukia mtu si kumvunja. Aliyekuvunjeni ni dereva. Uambie moyo wako hilo kila siku hadi uzoee.

Pili, sema humjui. Nimelifikiria pande zote na sioni njia nyingine. Yeye mwenyewe ameshasema hakujui. Huenda wanawe walimlazimisha, huenda alitaka kukulinda, huenda kweli amechoka na kila kitu cha siku ile. Hatuwezi kujua. Tunachojua ni kwamba amesema, na amesema mbele ya karatasi. Wewe ukienda kinyume, unamwaibisha na unampunguzia mguu. Kama unampenda, na usinibishie, mtu hatengenezi pedali kwa wiki tano kwa ajili ya mteja, basi mfanyie hilo. Ni neno moja tu. Litakuuma siku hiyo, kisha litapita. Mimi najua, yanapita.

Usimtazame ukiwa unasema. Ukimtazama utashindwa.

Ningekuja nikae nawe siku hiyo. Likizo bado.

Mdogo wako

3 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini umepumzika kidogo na mashuka yako. Hapa sijambo, gongo moja nimeacha. Muuza mkaa ameletewa kabati na mtu mwingine, kwa hiyo tumekuwa marafiki.

Shauri limesikilizwa Jumatano iliyopita. Chumba ni kidogo, meza moja ndefu na viti vya plastiki. Hakimu alikuwa na mafua. Yule mama aliingia akisukumwa na mwanawe mkubwa kwenye kiti cha magurudumu, miguu imefunikwa kwa khanga. Amekonda. Wakili alinionya tusisalimiane hata kwa kichwa. Nikatazama meza. Mbele yangu palikuwa na duara lililoachwa na kikombe cha mtu aliyekaa hapo kabla, nikaling'ang'ania hilo.

Nilianza mimi. Wakili wa bima ni mwanamke mpole, ana sauti ya mwalimu wa shule ya awali. Akaiweka picha katikati ya meza, ile ya pedali, kubwa, kila mtu akaiona.

"Fundi, hii ni kazi yako?"

"Ni yangu."

"Mkanda huu umemtengenezea nani?"

"Yeyote atakayeuhitaji."

"Wanakuja wengi wa namna hiyo?"

Watu wakacheka kidogo. Nikasema wanakuja wa kila namna.

"Mama huyu aliyekaa mbele yako, kabla ya siku ile ya ajali, ulikuwa unamfahamu?"

Nilifanya ulivyoniambia. Sikuinua macho. Nikasema, "Hapana. Simfahamu."

Lilitoka vizuri, mdogo wangu. Sikujua kwamba naweza kusema uongo vizuri hivyo. Wakili wangu akaandika kitu na kukipigia mstari.

Wakamgeukia yule mama. Wakili wa bima akasogeza picha karibu na mkono wake, akamuuliza kama anaitambua baiskeli. Nilisikia karatasi inachukuliwa mezani. Nikamgeuzia sikio zima. Kisha akasema, "Ni baiskeli yangu."

"Na fundi huyu?"

"Namfahamu. Kila asubuhi tunakwenda pamoja, miaka miwili sasa. Siku ile alikuwa hapa," akasema, na sijui alionyesha wapi, maana bado nilikuwa naangalia meza, "alikuwa ubavuni kwangu ananichekesha."

Mwanawe akasema, "Mama!"

"Nyamaza. Mguu ni wangu."

Kisha akamwambia hakimu kwamba maelezo ya hospitalini aliyatoa akiwa amejaa dawa na wanawe wakiwa wamejaa wasiwasi, na kwamba anaomba radhi, lakini yaliyotokea ndiyo hayo. Alisema pia kwamba lori lilikuwa na nafasi ya kutosha kupita magari mawili. Hakuna aliyemuuliza, alisema tu.

Hakimu akanigeukia, akaniuliza kama ningependa kubadilisha jibu langu. Nikasema ndiyo. Nikasema namfahamu. Akaniomba nirudie kwa sauti ili karani wa mahakama aandike. Nikarudia. Nikasema na lile la kumwangukia, lote, mbele ya wote. Lakini lilikuwa limeshachelewa. Yeye alisema alipokuwa na kila kitu cha kupoteza, mimi nilisema alipokuwa ameshapoteza.

Fidia yake imekatwa theluthi. Yangu imekatwa nusu, na wakili amesema nishukuru sikushtakiwa kwa kusema uongo kwenye kiapo. Mguu wa kwanza atapata. Wa pili watajua wenyewe.

Nilimkuta kwenye varanda, mwanawe amekwenda kuleta gari. Nilisimama mbele yake na gongo langu. Nilikuwa na maneno ya miezi saba. Nikaita tu, "Mama." Akanitazama. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa na hasira. Akasema, "Ungeniangalia kwanza, fundi. Nilikuwa nakutikisia kichwa muda wote, usinikane."

Gari likaja. Anaishi kwa mwanawe sasa, mji mwingine. Anwani imeandikwa juu ya nakala ya uamuzi niliyopewa, nimeiweka mezani hapa ninapoandikia. Nimekaa nayo siku sita. Sijui mtu aliyemkana mwenzake mbele ya watu anaianzaje barua. Wewe unajua kuandika kuliko mimi. Niambie unavyoanza.

Kaka yako

14 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Leo sitakuandikia habari za mashuka.

Mimi ndiye niliyekwambia usimtazame. Nilikuandikia kwa mkono wangu, na nilikuwa na uhakika. Nataka ujue uhakika ule niliupata wapi. Hapa kazini, tangu mwaka aliofariki wifi, nimewaambia watu kwamba sina ndugu. Sikuja kumzika wifi yangu. Kazini wangeniruhusu, nauli nilikuwa nayo. Tulikuwa tumegombana mimi na yeye kwa jambo dogo la maneno, nikasema nitakuja kesho, na kesho yake akawa ameshazikwa. Baada ya hapo niliona haya kukutazama usoni. Watu wakaanza kuniuliza mbona siendi kwetu, nikaona rahisi kusema sina mtu. Mpangaji mwenzangu, yule karani, anadhani wewe ni jamaa wa mbali ninayemsaidia.

Likizo hutolewa kila mwaka, kaka. Huwa naichukua. Nakaa chumbani siku kumi na nne, nafua mapazia.

Nilikwambia kumkana mtu kunapita. Nilikudanganya, ingawa wakati ule sikujua. Hakupiti. Unazoea kukaa nako tu.

Jana wakati wa chai nimewaambia nina kaka, fundi baiskeli, amevunjika nyonga. Walishtuka, wakaniuliza mengi, na sikuwa na majibu ya kutosha kuhusu wewe. Nilishikwa na aibu, lakini sikuondoka mezani. Mwezi wa kumi na moja nakuja. Sijakuahidi siku kwa sababu ahadi zangu unazijua, ila nauli nimeshalipa.

Umeniuliza barua inaanzaje. Inaanza na salamu, kama unavyoniandikia mimi. Muulize hali ya mguu. Mwambie hali ya nyonga. Mweleze habari ya muuza mkaa na kabati, atacheka. Kisha mwambie ulichomfanyia, kwa maneno ya kawaida, bila kujitetea na bila kujipiga. Akitaka kunyamaza, anyamaze, ana haki hiyo. Usingoje hadi upate maneno mazuri. Mimi nilingoja, na umeona nilipofika.

Barua hii usiijibu. Ukikaa na kalamu, mwandikie yeye. Nikipitia sanduku mwezi ujao nikalikuta tupu, nitajua umefanya hivyo.

Mdogo wako